Leaf ya 2017: vijiti 12 yadini, vijiti 10 baada ya wiki tisa. Waranti yangu ina maana gani?

MamaKeki_Bamburi
Assalaam aleikum wenzangu. Tangu Ijumaa silali vizuri.

Mwezi wa tatu nilinunua gari la umeme, Nissan Leaf ya 2017, betri ya kWh 30, kutoka yadi moja hapa Mombasa. Kazi yangu ni keki na mikate. Jumanne na Ijumaa napeleka mzigo Kilifi, kilomita kama 100 kwenda na kurudi, na AC haizimwi kwa sababu krimu haistahimili joto letu.

Siku ya kulichukua, dashibodi ilikuwa na vijiti 12 vyote vya afya ya betri. Mwanzoni nilikuwa narudi nyumbani na chaji ya asilimia 30. Wiki ya sita kijiti kimoja kikapotea, ya tisa cha pili. Ijumaa nilirudi na asilimia 6, AC nimeizima tangu Takaungu, keki moja ya kuonyesha wateja imeyeyuka kwenye kiti cha nyuma.

Nimekwenda yadini na karatasi yangu ya waranti. Imeandikwa: "Miezi 6, injini na giaboksi." Mwenye yadi akasema betri haimo. Ndugu zangu, gari hili halina injini ya petroli wala giaboksi ya kubadilisha gia! Sasa walinipa waranti ya kitu gani? Na ile ya Nissan wenyewe, naweza kuidai?

FundiVolti_NRB
Pole dada. Nianze na swali lako la mwisho: waranti ya Japani haikupanda meli pamoja na gari. Hata ungekuwa Tokyo, kwa betri hii walikuwa wanatoa miaka 8 au kilomita 160,000, na ni pale tu vijiti vinaposhuka chini ya 9. Wewe una 10.

Sasa gari lenyewe. Vijiti viwili kuanguka ndani ya wiki tatu si uchakavu wa kawaida. Naona mambo mawili. La kwanza, kuna watu huifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri kabla ya kuuza. Vijiti vinarudi 12, kisha gari likitembea kompyuta inajifunza ukweli na vinaanguka tena. Kama ni hivyo, hata ile asilimia 30 ya mwanzo huenda ilikuwa hesabu ya uongo.

La pili ni la heri. Leaf za kWh 30 zilikuwa na kasoro ya programu: kompyuta ilisoma betri kuwa imechoka kuliko ilivyo. Nissan walitoa marekebisho mwaka 2018, lakini gari lililokuja kupitia mnada huenda halikuwahi kuyapata.

Kuyatofautisha mambo hayo mawili, tumia mita yako ya tokeni. Usiku zima vyote nyumbani, hata friji, uchaji kutoka asilimia 6 hiyo mpaka 100. Andika yuniti kabla na baada. Betri yenye afya itakula karibu yuniti 30, ukihesabu na umeme unaopotea njiani. Ikila 22 au 23, betri imechoka kweli. Pia tafuta kifaa cha OBD, kinachochomekwa garini kusoma kompyuta yake, na programu ya simu iitwayo LeafSpy: itakuonyesha jozi 96 za seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri, moja moja. Jozi moja au mbili zikiwa chini ya wenzake, hubadilishwa zile tu, si betri yote.

Juma_PHX
Salamu kutoka Phoenix, Arizona. Betri ya Leaf kama yako haina kipozeo cha maji, na joto huila. Wenye Leaf za kwanza huku walilalamika sana mwaka 2012, wakaenda mahakamani, ndipo Nissan ikaongeza waranti ya kupungua kwa betri: miaka 5 au maili 60,000. Mama, usiliache juani likiwa limejaa. Lichaji alfajiri, karibu na kuondoka.

Wakili_Pwani
Mama, usikubali hilo neno "haimo". Waranti ya karatasi ni jambo moja, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni jingine. Kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. Je, unayo maandishi yao yanayotaja vijiti 12? Tangazo, ujumbe wa WhatsApp, picha ya dashibodi? Omba pia karatasi ya mnada wa Japani, maana wauzaji wa kule mara nyingi huandika idadi ya vijiti. Peleka barua kwanza. Wakikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria yake inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Gharama ya kubadilisha seli itaingia humo bila shida.

MamaKeki_Bamburi
Nimefanya usiku wa jana. Friji nilihamishia vitu kwa jirani. Kutoka 6 hadi 100: yuniti 22.8.

Nililia kidogo, nisiwafiche. Lakini nimefukua simu, na picha waliyonitumia WhatsApp kabla sijalipa ipo: dashibodi, vijiti 12, na chini yake wameandika "betri 100%". Wakili, barua naipeleka Jumatatu. FundiVolti, LeafSpy naazima kwa kijana wa Mtwapa kesho. Nitakuwekea picha ya zile jozi 96 hapa hapa, uniambie ni zipi.