Mrejesho: bluetooth ya kadi ya wifi imeonekana

Jamani, niliuliza mbona kadi ya wifi niliyotia kwenye kompyuta ya mezani yashika intaneti vizuri lakini bluetooth haionekani kabisa. Shukran sana kwa yule aliyesema niangalie waya mdogo unaotoka kwenye kadi. Ndio huo huo. Wifi hupita kwenye sloti ya PCIe (nafasi ya kuchomekea kadi ndani ya kompyuta), lakini bluetooth ya kadi hizi hupitia USB, kwa hivyo ule waya sharti uchomekwe kwenye pini 9 za USB za ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta. Zangu ziko chini kabisa, karibu na waya za swichi. Tundu moja la plagi limezibwa, hata ukitaka kuigeuza haiingii. Kuwasha tu, spika yangu ya bluetooth ikajitokeza.

Kilichobaki ni nguvu ya mawimbi. Nyumba ni ya zamani, huku Mji wa Kale, kuta za mawe ya matumbawe, nene ajabu. Wifi ya masafa ya GHz 5 ikivuka ukuta mmoja taabani. Ya GHz 2.4 yafika, ingawa polepole. Antena zilikuwa zimebanwa nyuma ya kasha la chuma, nikanunua yenye waya mrefu, nikaiweka juu ya meza. Simu za video hazigandi tena.