Makabati ya jikoni: rangi ya chaki ya kujichanganyia inafaa?

Mpangaji_Tabata
Wakuu, habari za humu. Nina makabati yenye milango 10, kila mmoja kama sm 40 kwa 70. Fremu na milango 6 ni mninga uliopigwa vanishi zamani, milango 4 ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa) yenye melamini nyeupe, ile ngozi ngumu ya plastiki. Nataka ule mwonekano wa rangi ya chaki, usiong'aa, ila makopo ya kutoka nje bei haishikiki. Nikichanganya rangi ya maji na unga wa jasi itakubali? Kwa vipimo gani? Na ni kweli rangi ya chaki haihitaji msasa?

FundiBrashi
Itakubali, lakini watu wengi huharibia dukani. Wananunua rangi ya maji ya bei ya chini kabisa. Rangi hiyo tayari imejazwa unga mwingi na gundi yake ni haba, kwa hiyo ukiiongezea jasi, gundi inashindwa kuushika unga wote. Ikikauka, pitisha kiganja na kitatoka cheupe. Chukua lita 1 ya rangi ya daraja la juu, isiyong'aa, ile inayovumilia kuoshwa.

Vipimo: rangi vikombe 3, jasi kikombe 1, maji ya baridi kikombe 1. Anza na jasi na maji, koroga hadi iwe kama uji mwepesi, chuja kwa soksi ya nailoni, ndipo umimine kwenye rangi. Ukimwaga unga mkavu moja kwa moja utapata vidonge ambavyo brashi itaviburuta mlangoni kote. Changanya ya kutumia ndani ya saa moja tu, kwani jasi hushika. Ikianza kuwa nzito usiifufue kwa maji, itupe. Na usiimwage kwenye sinki, itagandia ndani ya bomba.

Lita hiyo moja inakupa karibu lita 1.4 ya mchanganyiko. Inatosha mikono 2 (yaani kupaka mara 2) upande wa nje na fremu, na mkono 1 upande wa ndani. Chokaa ya kujengea usiiguse, ni kali na huharibu rangi.

Bi_Msasa
Hilo la "haihitaji msasa" labda kwa meza ya sebuleni. Jikoni kuna mafuta, hasa kuzunguka vishikio na juu ya jiko. Ng'oa milango, iandike namba pamoja na bawaba zake, kisha osha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ukimalizia na kitambaa chenye tapentaini. Msasa uje baada ya hapo. Ukianza na msasa unayasugulia mafuta ndani ya mbao, na rangi itajikunja hapo hapo.

Mninga una tabia yake: hutoa doa la kahawia-jekundu linalopanda kupitia rangi ya maji. Kuongeza mikono ya rangi hakusaidii, maji ya kila mkono hulivuta tena. Piga msasa namba 180 kidogo tu, kisha shelaki (utomvu wa kuziba doa) mikono 2. Hii ndiyo hela ya kutobana.

Melamini nayo, msasa hadi mng'ao ufe lakini usitoboe ngozi, halafu prima ya kushikia nyuso laini. Paka kipande kidogo kwa nyuma, subiri siku nzima, bandika seloteipu na uivute kwa ghafla. Ikitoka na rangi, usiendelee.

Mpangaji_Tabata
Asanteni sana. Juu yake nimalizie na nta au vanishi?

FundiBrashi
Vanishi. Nta hulainika kwa joto la jiko na mafuta huipenya, ni ya kabati la chumbani hiyo. Tafuta vanishi ya maji isiyong'aa, mikono 2 myembamba, na kando ya sinki mikono 3. Vanishi ya mafuta, kama rangi yako ni nyeupe, itaifanya iwe njano. Usianze na nta ukidhani utaifunika kwa vanishi, haitashika. Jaribu nyuma ya mlango kwanza maana vanishi hukoleza rangi kidogo.

Bi_Msasa
Naongezea: paka milango ikiwa imelala, na upande wa bawaba rangi iwe nyembamba sana, la sivyo mlango utagoma kufunga. Ukishaning'iniza, acha wazi siku 2 au 3. Kwa unyevu wa Dar wakati wa masika hata wiki. Bandika vifungo vidogo vya mpira kwenye pembe ili mlango usigandane na fremu. Kwa mwezi wa kwanza futa kwa kitambaa chenye unyevu tu, hakuna stilwaya.