MREJESHO: Yule wa mikoba ya ukindu Hamburg

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza kama nimeshachelewa kusajili muundo (yaani mwonekano) wa mikoba yangu, maana nilishaposti picha Instagram miezi minane nyuma halafu duka moja la onlaini likaanza kuuza kitu kile kile mpaka mshono.

Basi sijachelewa!! Sheria ya EU (Umoja wa Ulaya) inakupa miezi 12 ya kusajili tangu uonyeshe kazi yako mara ya kwanza, so nilikuwa na minne mkononi. Nimeomba mwenyewe onlaini EUIPO, ofisi ya EU inayosajili miundo, wale wa Alicante Hispania, 350 yuro muundo wa kwanza na 125 kila unaoongeza, nikapeleka mitatu jumla 600, na mmoja ni mkeka kabisa ila umeingia fomu ile ile, kabla ya Mei 2025 wangekwambia bidhaa za kundi tofauti fungua maombi mengine.

Kinachouma ni kuhuisha usajili, unalipia kila miaka 5 mpaka 25, na mara ya kwanza imetoka 90 kwenda 150, ya nne imetoka 180 mpaka 700, jamani!

Halafu mjue hawachunguzi kama muundo ni mpya kweli, wanasajili tu, mtu akikupinga baadaye ndo mnaanza kuvutana. Kwahiyo picha zangu za zamani zenye tarehe sifuti hata moja, ndo ushahidi wangu.

Uingereza haimo kwenye usajili huu, Brexit ilishaitoa, huko naomba kivyake nikipata hela. Lile duka nimeliandikia barua juzi, bado kimya.