Tupeane uzoefu: mliovuka 40, ni kitu gani kiliwaamsha mkaanza mazoezi?

Mama Kimara
Wakuu, salaam. Nina miaka 46 na maisha yangu ni ya kukaa: kiti cha daladala, kiti cha ofisini, kisha foleni ya barabara ya Morogoro mpaka usiku. Wiki iliyopita umeme ulikatika, lifti ikagoma, na ofisi yetu iko ghorofa ya sita. Kufika ya tatu nimeshashikilia ukuta, moyo nausikia masikioni. Kijana wa usafi akanipita na dumu la maji begani, akaniambia "pole mama" kwa heshima zote. Tangu siku hiyo sina raha.

Faida za mazoezi nazijua. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na siku mbili za kukaza misuli. Nimesoma, nimeelewa, na bado saa 11 alfajiri naizima alarmu. Naomba mliovuka 40 mniambie: siku ile ya kwanza kabisa, nini kilikutoa kitandani?

Lori la Tunduma
Mama umenigusa. Nina 51, nimeendesha malori ya Dar kwenda Tunduma hadi Lubumbashi tangu ujana. Watu hudhani dereva wa lori ana nguvu. Ana mikono tu. Miguu kutwa iko kwenye pedali, tumbo liko kwenye usukani, na kula ni chipsi na nyama choma saa yoyote gari likisimama.

Mimi niliamshwa na tairi. Lilipasuka kwenye mteremko wa Kitonga, usiku, na utingo wangu bado mgeni wa kazi. Nikachuchumaa kuweka jeki chini ya ekseli. Nilipotaka kuinuka, miguu ikakataa. Haikuuma popote, haikuitikia tu. Malori yanashuka pembeni yetu yanapiga honi, vumbi la breki linanukia, na mimi niko chini nimeshika rimu. Yule kijana akaniingiza mikono kwapani akaninyanyua. Nilimfikiria mke wangu pale pale. Ningekuwa peke yangu, na mwenzangu mmoja breki zimemkatalia kule juu?

Nikaanza safari ile ile. Foleni ya mpakani unaweza kulala ukaamka hujavuka, gari linasogea kidogo linasimama. Kila tukisimama nashuka, nashika bampa ya mbele kwa mikono miwili, nachuchumaa, nahesabu pole pole, nainuka. Magoti yalikuwa yanalia mpaka utingo anasikia. Nikimaliza nazunguka gari na trela lake, naenda narudi. Siku hizi madereva wengine wakiniona na wao wanashuka. Msukumo sikuutafuta mama. Niliogopa.

Shangazi wa Mbeya
Hofu ndiyo kocha wetu wengi. Hapo dereva umemaliza.

Wali Nazi
Samahanini, mimi ni mama lishe. Saa 10 usiku niko jikoni, nabeba ndoo, nakuna nazi, naosha masufuria, nasimama mpaka saa 9 mchana. Bado niambiwe nikafanye mazoezi? Haya mambo ni ya watu wa viyoyozi.

Mkulima Halisi
Dada uko sahihi. Babu yangu alilima kwa jembe la mkono mpaka uzeeni na hajawahi kuvaa raba.

Nesi Mstaafu
Wali Nazi mwanangu, jasho lako silidharau. Ila jipime hivi: ukiwa kwenye shughuli, uweze kuongea lakini ushindwe kuimba. Hapo moyo unafanya mazoezi. Kama unaweza kuimba taarabu kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku unageuza chapati, huo ni uchovu wa kusimama, na kusimama kutwa kunavimbisha miguu. Ndoo ya lita 20 ukiinyanyua, hiyo ihesabu, inajenga misuli. Kinachokosekana kwako ni kutembea kwa haraka bila mzigo, dakika 10 kwa wakati, mabega yamelegea.

Wali Nazi
Shikamoo mama. Nimekuelewa. Nilikuwa nimekasirika kabla ya kusoma.

Mkulima Halisi
Na babu hakuwahi kuwa na presha.

Kiboko ya Kitambi
Alipimwa lini mkuu?

Mkulima Halisi
Hakuwahi kuumwa kichwa, apimwe kwa lipi?

Kiboko ya Kitambi
Presha kwa kawaida haiumi, ndiyo ubaya wake. Wazee wangapi walianguka shambani tukasema wamerogwa?

Mkulima Halisi
Usimtaje babu yangu tena.

Mama Kimara
Jamani, nawaomba. Turudi kwenye swali.

Mchakamchaka 84
Mimi ni mwalimu, nina 53. Waliosoma miaka yetu wanakumbuka: kabla ya paredi lazima mchakamchaka, miguu peku, umande, mmoja anaanzisha wimbo darasa zima linaitikia. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na hadithi moja tu, ya Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, alivyoongoza mbio za mita 1500 kuanzia bunduki mpaka utepe na kuweka rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.2. Tulikuwa tunakimbia kila mtu anajiona Bayi.

Baadaye nikakaa miaka mingi bila kukimbia hata kulikimbilia basi. Kilichonirudisha ni sauti. Jumapili moja niko Temeke kwa dada yangu, alfajiri nikasikia watu wanapita na nyimbo zile zile, fulana za rangi moja, kina mama, wazee, vijana wa bodaboda. Klabu ya joging ya mtaani. Nilitoka na ndala, nikawafuata mpaka kona, machozi yananilengalenga na sijui kwa nini. Wiki iliyofuata nikajiandikisha. Ushauri wangu kwako Mama Kimara: usianze peke yako. Ukiwa peke yako utabishana na shuka, na shuka litashinda. Watu wakiwa getini wanaita jina lako, utatoka.

Ngoma Nzito
Mimi kinyume kabisa. Kikundi kilinifukuza. Kila mtu anaangalia nani yuko nyuma. Natembea peke yangu na tasbihi yangu, nina amani.

Mtumishi Dodoma
Mnakumbuka mwishoni mwa 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alipozindua kampeni ya mazoezi, Jumamosi ya pili ya kila mwezi? Mimi nilianzia hapo. Nilienda kwa sababu bosi alikwenda. Ofisini wengi waliacha, mimi nikabaki, maana usingizi ulikuwa umerudi. Msidharau kuanza kwa kulazimishwa.

Bado Kijana
Mwalimu, Bayi alipoweka rekodi alikuwa na miaka 20. Tupe mfano wa mtu mwenye mgongo unaouma.

Mswahili wa Leicester
Fauja Singh. Mzee wa Kipunjabi aliyehamia London. Alifiwa na mkewe, kisha akampoteza mwanawe, huzuni ikataka kummaliza, akaanza kukimbia akiwa na miaka zaidi ya 80. London Marathon ya mwaka 2000 aliikimbia akiwa na 89. Mwaka 2011 alimaliza marathoni ya Toronto ikisemwa ana miaka 100, Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wakakataa kumwandika kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Nilipokuwa kwenye msiba wangu nilikuwa namfikiria yeye kuliko mwanariadha yeyote. Huzuni nayo inatoa mtu nje.

Bado Kijana
Hapo nimenyamaza.

Sukari ya Mwananyamala
Nimekuwa nasoma kimya lakini lazima niseme, maana humu kuna watu wanaweza kufa.

Nina kisukari, umri 49. Kliniki niliyokuwa nahudhuria waliniambia fanya mazoezi, wakanipa glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, nimeze asubuhi. Hakuna aliyekaa na mimi kunieleza vitu hivyo viwili vinakutanaje. Nikaamka, nikaswali, nikameza dawa, nikatoka kukimbia tumbo tupu nikijua chai nitainywa nikirudi.

Nilipokaribia viwanja vya Biafra, jasho likabadilika. Jasho la mbio ni la moto, hili lilikuwa la baridi, linatoka hadi viganjani. Mikono ikaanza kutetemeka. Midomo ganzi. Taa za gari nikaziona mbili mbili. Nikakaa ukingoni mwa mtaro nikawa nataka kusema "nisaidieni" na ulimi hautamki. Watu wanapita. Nikasikia kabisa mmoja anasema, "Huyu katoka baa." Kijana mwingine akainama, nikadhani ananisaidia, kumbe mkono unaelekea mfukoni kwenye simu.

Mama mmoja muuza uji ndiye aliyepiga kelele. Akaja, akaninusa mdomo, akawaambia, "Hana pombe huyu." Akaniuliza, "Baba, una sukari?" Nikaitikia kwa kichwa. Akachota sukari kwenye kopo lake, vijiko vitatu, kwenye kikombe cha uji vuguvugu, akanishikia kikombe mwenyewe kwa sababu mimi nilikuwa namwaga. Akakaa na mimi, uji wake unaungulia. Baada ya muda nikamwona sura. Mpaka hapo nilikuwa naona kitenge tu. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa huo huo, ndiyo maana alijua.

Bado nakimbia. Napita pale kila nikitoka, nakunywa uji wake kwanza.

Wali Nazi
Nimelia. Mungu amzidishie yule mama.

Lori la Tunduma
Kaka. Kaka. Kijana wa simu mlimkamata?

Shangazi wa Mbeya
Pole sana. Na sisi tunapita watu mitaroni kila siku tunasema walevi.

Nesi Mstaafu
Naomba hili lisomwe vizuri. Glibenklamidi na insulini zinaweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa ukifanya mazoezi hujala. Metfomini, nayo dawa ya kisukari, ikiwa peke yake ni nadra kufanya hivyo. Usiache dawa kwa sababu ya hadithi hii. Nenda kamuulize daktari wako umeze saa ngapi na ule nini kabla. Tembea na pipi au soda yenye sukari ya kweli. Dalili zikianza: vijiko vitatu vya sukari kwenye maji au nusu chupa ya soda, kaa dakika 15, kama bado rudia, kisha ule chakula. Mtu aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Chuma cha Pua
Ndiyo maana mimi dawa nilizitupa. Presha yangu ilikuwa 160, nikaanza kukimbia, sasa 130. Vidonge vyote chooni.

Nesi Mstaafu
Hiyo 130 uliipima kabla au baada ya kuvitupa?

Chuma cha Pua
Kabla kidogo.

Kiboko ya Kitambi
Basi hiyo 130 ni yako pamoja na vidonge, mkuu. Kapime leo.

Chuma cha Pua
Kila mtu ana mwili wake.

Nesi Mstaafu
Na kila mtu ana watoto wake. Mazoezi hushusha presha, ni kweli, na madaktari huwapunguzia watu dozi kwa sababu hiyo. Apunguze daktari. Na yeyote akisikia kifua kinabana akikimbia, maumivu yanaelekea mkono wa kushoto au taya, asimame hapo hapo na atafute msaada.

Bibi Harusi wa Zamani
Mimi kikwazo changu kilikuwa mume. Nilipovaa traki alfajiri aliuliza, "Unaenda kwa nani?" Sikugombana naye. Nikamwambia, "Njoo tuone." Alikuja kunichunga, sasa yeye ndiye ananiamsha.

Bado Kijana
Hiyo si kila mume.

Bibi Harusi wa Zamani
Najua mdogo wangu. Nimesema wangu.

Mpemba Muscat
Huku joto la kiangazi linapita nyuzi 40, tunatembea usiku baada ya Isha, kando ya bahari Mutrah. Nilianza kwa sababu nilishindwa kusujudu, nikaletewa kiti msikitini na kijana wa rika la mwanangu. Nilikaa kile kiti, nikaswali, nikatoka na nia. Daktari alinipa mazoezi ya goti ya kukaa na kunyoosha mguu, na kutembea. Kiti nimekirudisha, alhamdulillahi.

Mama Kimara
Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jumamosi naanza. Nitapanda basi mpaka mjini, nitembee daraja la Tanzanite kutoka upande wa Coco Beach mpaka Aga Khan na kurudi, kila upande ni kama kilomita moja. Raba sina ya maana. Kwenye mitumba ya soko la Karume nitachaguaje?

Ngoma Nzito
Anza na ulizonazo, usisubiri raba.

Fundi Viatu Ilala
Usimsikilize, mguu ukiumia wiki ya kwanza hutarudi. Nenda Karume jioni, mguu ukiwa umetanuka. Shika raba kisigino na ncha, ikunje: ipinde penye vidole. Ikipinda katikati ya wayo, iache. Igeuze uangalie kisigino kama kimelika upande mmoja, maana aliyeivaa Ulaya amekuachia mwendo wake. Bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kabisa imezeeka hata kama inang'aa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.

Wali Nazi
Jumamosi saa ngapi? Nina mtu wa kunishikia sufuria.

Mama Kimara
Saa 12 asubuhi, upande wa Coco. Nitavaa fulana ya njano. Njoo dada.

Mkulima Halisi
Na sisi wa mkoani tuanzie wapi?

Kiboko ya Kitambi
Anza kwa kupima presha mkuu. Nakuomba kwa dhati, na babu nilimkosea.

Mkulima Halisi
Yameisha. Zahanati iko mbali lakini Jumatatu ni siku ya gulio, nitapitia.

Nesi Mstaafu
Ukifika usipimwe unahema. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiwe umetoka kunywa kahawa. Wakipata 140 kwa 90 au zaidi, usiogope, waombe warudie siku nyingine.