Tupeane uzoefu: kazi za shamba zinazowalipa vijana na akina mama wasio na shamba

Mfyekaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mafunzo mengi ya kilimo kwa vijana na akina mama huishia kwenye cheti na picha ya pamoja. Mtu anarudi nyumbani anajua kutamka "mnyororo wa thamani", lakini hana ardhi, hana mtaji, na hakuna wa kumlipa. Hapa tuweke kazi moja moja ambazo mtu anaweza kuzifanya kwenye mashamba na mabanda ya wenzake akalipwa. Semeni hatua, vipimo, na pale panapoharibika. Historia za maisha tuziwekee uzi mwingine.

Mbebeshaji

Naanza na kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha kijiti cha mti mzuri juu ya shina la mche uliotoka kwenye mbegu. Hii inataka kivuli, maji ya uhakika na kisu kikali. Haitaki ekari.

Mbegu itoke kwenye tunda lililokomaa ambalo halikuokotwa chini, maana udongo ndio unaobeba kuvu wa kuozesha mizizi. Mbegu ya parachichi haihifadhiki muda mrefu, ikikauka imekufa. Izamishe kwenye maji ya nyuzi joto 49 hadi 50 kwa dakika 30, kisha ipooze kwenye maji baridi. Tumia kipimajoto, si kidole: chini ya hapo kuvu anabaki, juu ya hapo kiini kinaungua. Ipande kitako chini, ncha juu.

Shina linabebeshwa likifika unene wa penseli. Kikonyo, yaani kile kijiti cha mti mzuri, kiwe na unene huohuo, urefu wa sentimita 10 hadi 12, chenye macho yaliyovimba ila hayajafunguka. Ondoa majani palepale unapokikata, kifunge kwenye gunia lenye unyevu, kitumike siku hiyohiyo. Kata shina kwa usawa sentimita 20 hivi kutoka kwenye udongo, lipasue katikati sentimita 3 hadi 4. Chonga kikonyo pande mbili kwa urefu huohuo, kila upande kwa mkato mmoja. Ukirudiarudia kisu, uso wa mkato unakuwa na mawimbi na hautagusana. Ganda la kikonyo lilingane na ganda la shina angalau upande mmoja, maana sehemu inayoungana ni ile tabaka nyembamba ya kijani chini ya ganda, wala si kiini cha katikati. Funga utepe wa plastiki kuanzia chini kwenda juu ili maji yasipenye, kisha vika mfuko mwembamba unaoonyesha.

Macho yakianza kuchipua, kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na ya 5, ondoa mfuko. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'olewe kila wiki, la sivyo yanakunywa chakula chote. Utepe nao ukisahaulika unakaba mche ukinenepa.

Kwenye kufundisha: mwanafunzi asiguse mche kabla hajachonga vijiti 200 vya mti wowote. Akishika kazi, alipwe kwa mche ulioshika, uhesabiwe wiki ya 6. Ukilipa kwa mche uliofungwa, utapata tepe nyingi na miti michache.

Swali la Kizushi

Mkuu Mbebeshaji, hiyo ya kulipa kwa mche ulioshika si kumwonea? Akipewa vikonyo vilivyokauka kosa si lake.

Mbebeshaji

Hoja nzuri. Kila mche uwe na alama ya aliyeubebesha, tarehe, na fungu la vikonyo. Fungu zima likifa kwa watu watatu tofauti, tatizo ni vikonyo, na mwenye kitalu analipa. Likifa kwa mtu mmoja wakati kwa wenzake limeshika, kisu chake au mkono wake una shida, arudi kwenye vijiti. Bila alama mtabaki kugombana.

Mama Vifaranga

Mimi naleta chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku ambao wengine mnauita mdondo. Kuku wa kienyeji mara nyingi ni mali inayosimamiwa na akina mama, kwa hiyo mchanjaji mwanamke anaingia uani alfajiri bila maswali. Kazi hii inaweza kujifunzwa kwa siku chache. Kinachochukua muda ni mpangilio.

Chanjo ya I-2, mojawapo ya chanjo za kideri, inavumilia joto kuliko nyingine nyingi, na watu wameielewa vibaya hapo. Kuvumilia joto si kuachwa juani. Ihifadhiwe nyuzi 2 hadi 8, njiani iwekwe kwenye kasha la baridi au izungushiwe kitambaa chenye maji ndani ya kikapu, kivulini muda wote. Chupa ikishafunguliwa isizidi siku mbili.

Tone moja, jicho moja, kwa kila kuku, mkubwa kwa kifaranga. Chupa ishikwe wima ikitazama chini. Ukiilaza matone yanatofautiana ukubwa, na chupa inaisha kabla ya kuku. Subiri kuku apepese jicho ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi 3 hadi 4, na raundi moja iangukie mwezi mmoja kabla ya msimu ambao ugonjwa hupenda kuja.

Hasara inatokea hivi: mchanjaji anafungua chupa ya dozi 250 kwa ajili ya kuku 90, dozi 160 zinamwagwa, na hela ya chupa ijayo hana. Kwa hiyo wiki moja kabla apite nyumba kwa nyumba na daftari, ahesabu kuku, akubaliane siku, nyumba zote jirani zichanjwe asubuhi moja kabla kuku hawajafunguliwa. Malipo yawe kwa kichwa cha kuku, papo hapo, na hela ya chupa iwekwe kando kabla ya ile ya mfukoni.

Aseme pia mapema mambo mawili. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga, kwa hiyo kuku aliyekwisha kuambukizwa anaweza kufa hata akichanjwa, na banda lenye wagonjwa haliguswi siku hiyo. Pili, chanjo hii ni ya kideri peke yake. Ndui na homa nyingine zinabaki palepale. Asiposema, kuku wa kwanza atakayekufa atamfungia milango yote ya mtaa.

Nozeli

Vijana wengi wanapenda kupulizia dawa kwa bomba la mgongoni kwa sababu hela inaonekana haraka. Sawa, lakini wengi wanapima dawa kwa kifuniko cha chupa, na hapo ndipo mazao yanaungua au wadudu wanabaki wakicheka.

Kila mpuliziaji ajipime mwenyewe. Weka maji matupu unayojua kiasi chake, pima mraba wa mita 10 kwa 10, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima yaliyobaki. Tuseme yametumika lita 3. Zidisha kwa 100, unapata lita 300 kwa hekta. Kwa ekari zidisha kwa 40, ni lita 120, yaani mabomba saba na nusu ya lita 16. Lebo ikisema lita 1 ya dawa kwa hekta, gawa 16 kwa 300: kila bomba linakula mililita 53. Mwenzako mwenye hatua ndefu atapata namba nyingine, usiazime yake. Ukibadilisha nozeli, au zao likirefuka, pima upya.

Nozeli ya koni ni ya wadudu na kuvu, ya bapa ni ya magugu. Ikitoa asilimia 10 zaidi ya ilipokuwa mpya, tupa. Usizibue kwa sindano wala kupuliza kwa mdomo, tumia mswaki laini. Majani na vitawi vikitikisika mfululizo, upepo umezidi, acha kazi.

Chupa tupu isuuzwe mara tatu, kila mara maji robo, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya bomba, kisha toboa chupa isije ikawekewa mafuta ya kula. Mjamzito na anayenyonyesha hapulizii. Hafui pia nguo za aliyepulizia. Hili la nguo mafunzo mengi hulisahau.

Bwana Shamba Mstaafu

Mnaeleza kazi vizuri, ila namna ya kufundisha mmeipitia juu juu. Shamba darasa, mtindo ambao FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, bado sijaona wa kuushinda, mradi usichezewe. Watu 20 hadi 30, kukutana mara moja kwa wiki msimu mzima, kuanzia mbegu hadi mavuno. Vikundi vya watu watano. Kila kikundi kinachagua mimea 10, kinahesabu wadudu waharibifu na wale marafiki, kinapima urefu, kinachora mmea kwenye karatasi kubwa, kisha kinaamua: tupulizie au tusubiri? Vipande viwili viwe sambamba, kimoja kwa njia ya kawaida ya wakulima, kingine kwa njia mpya, gharama za vyote ziandikwe.

Unaharibika hivi. Mwezeshaji anajibu kila swali badala ya kuuliza "umeona nini?". Au mfadhili anamwaga mbolea ya bure, kipande cha mafunzo kinang'aa, na hakuna anayeweza kukiiga mwaka unaofuata.

Akina mama wakipungua wiki ya tatu, msiseme hawana ari. Angalieni saa, umbali, na kama kuna mtu wa kushika watoto na choo karibu. Kipindi cha saa mbili katikati ya asubuhi, mahali panapofikika kwa miguu, kinashinda siku nzima hotelini.

Mwekahazina

Mtaji: kikundi cha hisa, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, watu 15 hadi 25 waliochaguana wenyewe. Kasha la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na anayetunza kasha asiwe na ufunguo wowote. Kila mkutano mtu anunue hisa 1 hadi 5, mkopo usizidi mara tatu ya hisa zake, mgao baada ya mwaka hivi.

Makundi mengi ya kilimo hukwama kwenye muda. Mkopo wa miezi 3 unakopwa kwa mahindi yanayokaa shambani miezi minne, kisha yanahitaji kukaushwa na kupata mnunuzi. Mkopaji anauza mbichi kwa hasara ili alipe. Mikopo mifupi iende kwa chanjo, dawa, tepe na vikonyo, vitu vinavyorudisha hela ndani ya wiki chache. Ya shamba ipangwe kwa kalenda ya zao, au isitolewe.

Mfyekaji

Naongezea la ardhi ya kukodi, fupi. Mwenye ardhi akiona kichaka kimekuwa bustani, huikumbuka. Mkataba uandikwe kabla ya kufyeka: mipaka, miaka, nani anabaki na kisima na miti, fidia ukivunjwa mapema. Mwenzi wa mwenye ardhi naye atie sahihi, pamoja na mrithi mtu mzima kama yupo. Mama anayekodi aandikwe kwa jina lake. Na parachichi lililobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi, kwa hiyo ukodishaji wa miaka miwili ni kumpandia mwenye ardhi bure.

Swali la Kizushi

Nozeli, bomba moja linatosha kwa magugu na wadudu nikilisafisha vizuri?

Nozeli

Hapana, mkuu. Mabaki ya 2,4-D, dawa ya kuua magugu, hujificha kwenye mpira, mrija na chujio, na kiasi kidogo sana kinakunja majani ya nyanya shamba zima. Nunua la pili, liandike MAGUGU kwa rangi isiyofutika, na lisilale chumba kimoja na lile jingine.