Meli za mizigo kufagia mabomu vitani: chombo chukueni, baharia aulizwe kwanza

Wadau, swali lililo mezani ni hili: nchi ikiwa vitani na adui ametega mabomu baharini, je, serikali ina haki ya kuchukua meli za mizigo za watu na kuzigeuza za kufagia mabomu hayo? Mwenzetu mmoja amejibu kwamba hapa hakuna cha kujadili, vita ni vita, bandari ikifungwa wananchi watakufa njaa. Kuhusu chombo namuunga mkono. Kuhusu watu waliomo chomboni napingana naye kabisa.

Chukueni mfano wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Walibadilisha meli karibu 100, nyingi zikiwa za mizigo, wakaziita Sperrbrecher, yaani mvunja vizuizi. Omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, iliimarishwa. Ngama, yaani vyumba vya shehena chini ya meli, zikashindiliwa mbao, mapipa matupu na vitu vingine vinavyoelea, ili meli ikitobolewa isizame haraka. Kisha wakafunga koili kubwa ya nyaya za umeme itoe nguvu ya sumaku na kulipua mabomu ya sumaku, yale yanayolipuka yakihisi sumaku ya meli, mbele kabla meli haijayafikia. Kazi yake ilikuwa kutangulia, na nyambizi zinazoingia au kutoka bandari za Ufaransa za Lorient na Saint-Nazaire zifuate nyuma.

Sasa mfikirie fundi wa injini mle chini, chini ya usawa wa maji, bamba moja la chuma likimtenganisha na bahari. Jana shehena ilikuwa mali ya kupeleka kwa mwenyewe. Leo shehena ni mapipa matupu, na yamepakiwa kwa sababu waliompeleka wanajua meli yake itapigwa.

Waingereza nao hawakulala. Wakaunda bomu lisilo jepesi kuhisi sumaku, lisilolipuka hadi meli iwe juu yake hasa. Mmoja wa wanafizikia walioshughulikia bomu hilo ni Francis Crick, yule yule aliyekuja kujulikana mwaka 1953 kwa umbo la DNA. Takriban nusu ya Sperrbrecher zile zilipotea vitani. Anayesema "ni hatari ya kawaida ya bahari" aitazame nusu hiyo vizuri.

Najua nitaambiwa jeshi la wanamaji halina vyombo vya kutosha. Ni kweli, na Uingereza ililiona hilo mapema. Mwaka 1907 Admirali Charles Beresford alipendekeza meli za uvuvi za bandari ya Grimsby, Uingereza, zitumike, kwa kuwa wavuvi wa nyavu za kukokota wamezoea kuvuta waya mzito baharini usiku na mchana. Meli mbili hutembea sambamba na waya katikati, waya unakata mnyororo unaolishikilia bomu chini, bomu linaibuka, linapigwa risasi. Mwaka 1910 wakaunda kikosi cha akiba, watu wakajiandikisha kabla ya vita, wakijua wanachokitia saini. Huo ndio utaratibu ninaoutetea.

Lakini tazameni Dardanelles, Uturuki, Machi 1915. Wavuvi wale wale walipelekwa kufagia mlangobahari wenye mkondo mkali, taa za pwani zikiwamulika na mizinga ikiwapiga. Wakarudi nyuma, na wapo maofisa waliowadharau. Mimi siwalaumu hata kidogo. Mabomu walikuwa radhi kuyakabili. Kupigwa mizinga hakukuwamo katika makubaliano yao. Mabomu yakabaki, na tarehe 18 Machi manowari 3 kubwa zikazama: Bouvet, Irresistible na Ocean.

Sheria nayo ipo. Mkataba wa Hague wa 1907 unadai meli ya biashara ikigeuzwa ya kivita iwe na alama za nje, nahodha awe mtumishi wa dola, mabaharia wawe chini ya nidhamu ya jeshi, na meli iingizwe kwenye orodha ya manowari. Ni mkataba mzuri, ila haumuulizi baharia kama ameridhia.

Kinachonikera zaidi ni kufagia kusikoitwa kufagia. Tarehe 24 Julai 1987, meli ya mafuta Bridgeton, yenye uwezo wa tani kama 400,000, iligonga bomu katika Ghuba ya Uajemi ikiwa inasindikizwa na manowari za Marekani. Baada ya hapo manowari zikajipanga nyuma yake, kwa sababu mwili wake mkubwa ungestahimili pigo jingine kuliko manowari zenyewe. Mlinzi akajikinga kwa anayelindwa! Hakuna aliyeiandika Bridgeton kwenye orodha yoyote ya meli za kufagia mabomu.

Na kuna bandari ya Wonsan, wakati wa Vita vya Korea. Oktoba 1950, Japani, ambayo katiba yake mpya ilikataa vita, ilipeleka meli za kufagia mabomu za idara ya usalama wa bahari, na watu wake walikuwa watumishi wa kiraia. Tarehe 17 mwezi huo meli moja, MS-14, ililipuka na kuzama. Watu 18 walijeruhiwa na mmoja akafa. Alikuwa mpishi. Kifo chake kikafichwa kwa miaka mingi.

Kwa hiyo wewe unayesema vita ni vita, nijibu hili moja: mpishi yule tumwandike wapi, kwenye orodha ya askari au ya raia, na nani alipaswa kwenda kuwaambia wazazi wake?