Baruapepe ya wakili wa upande wa pili imenifikia kimakosa: saa za mafunzo ya maadili zinasaidia wapi?

KalamuNyeusi aliuliza:

Habari za kazi, mawakili wasomi. Nina miaka mitatu tangu niapishwe, na kila mwaka nimetimiza saa zangu za mafunzo endelevu bila kukosa. Hivi karibuni nilihudhuria kipindi cha maadili cha saa mbili ambacho mkufunzi alitusomea kanuni moja baada ya nyingine, tukatia sahihi orodha ya mahudhurio, tukatawanyika. Wiki tatu baadaye, katika shauri ambalo ninamwakilisha mdai, wakili wa mdaiwa aliniletea baruapepe ambayo kwa dhahiri ilikusudiwa mteja wake. Jina la mteja huyo linaanza kwa herufi zilezile za jina langu, na nadhani kompyuta ndiyo iliyomjazia anwani. Nilisoma aya ya kwanza na nusu ya aya ya pili kabla sijatambua kwamba ninachosoma ni tathmini yake ya udhaifu wa utetezi wao, pamoja na kiasi ambacho angemshauri mteja wake akilipe ili shauri limalizike kwa suluhu.

Niliifunga kompyuta kwa haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba cha watu. Upande mmoja niliona kwamba wajibu wangu ni kwa mteja wangu, na kwamba sikuiba chochote, maana barua imekuja yenyewe. Upande mwingine niliona kwamba kuendelea kusoma ni kujinufaisha na kuteleza kwa mwenzangu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba katika zile saa mbili zote sikupata kitu hata kimoja cha kunishika mkono katika dakika ile. Naomba mnisaidie mambo mawili: sasa nifanye nini, na nichague mafunzo ya namna gani ili saa zangu zijazo zisiwe za kujaza fomu tu?

MsomaJalada alijibu:

Wakili msomi, umefanya jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuacha kusoma. Yaliyobaki yana utaratibu, ingawa ni lazima uanze na kanuni za mahali ulipoandikishwa, kwa kuwa nchi hazifanani katika hili. Kanuni za mfano za chama cha mawakili cha Marekani, katika kanuni ya 4.4(b) iliyoongezwa mwaka 2002, zinamtaka wakili aliyepokea waraka anaojua, au anaopaswa kujua, kwamba umetumwa kimakosa amjulishe mtumaji bila kuchelewa. Suala la kuurudisha au kuufuta bila kuusoma, pale ambapo sheria hailazimishi, zinaliacha kwa busara ya wakili mwenyewe. Kanuni za mwenendo wa mashauri ya madai za Uingereza zinaingia kwa mlango mwingine: upande ulioruhusu kwa bahati mbaya waraka wenye kinga, yaani wa siri ambao upande wa pili hauna haki ya kuuona, ukaguliwe unabaki na ulinzi, kwa sababu aliyeukagua haruhusiwi kuutumia bila idhini ya mahakama. Njia ni mbili, lakini hakuna hata moja inayokuruhusu kunyamaza na kuendelea.

Ukitaka kuona gharama ya kunyamaza, tafuta uamuzi wa Mahakama ya Juu ya California wa mwaka 2007 katika shauri la Rico dhidi ya Mitsubishi Motors. Wakili wa wadai aliangukiwa na maandishi ya kikao cha faragha cha mawakili wa utetezi na wataalamu wao. Aliyasoma, akatoa nakala, akawagawia wataalamu wake, kisha akayatumia kumbana shahidi mtaalamu wa upande wa pili. Mahakama ilisema kwamba alipaswa kusoma kiasi cha kumwezesha kutambua kwamba waraka una kinga na si zaidi, halafu amjulishe mwenye waraka mara moja. Aliondolewa katika shauri pamoja na timu yake na wataalamu wake, na walioumia zaidi ni wateja wake, ambao walilazimika kutafuta mawakili wapya katikati ya safari. Kwa hiyo ile hoja ya “wajibu wangu ni kwa mteja” ipime upya, kwa sababu mteja ndiye aliyelipa.

Kwa upande wako, mwandikie mwenzako leo, si kesho. Mweleze saa uliyoipokea barua na mahali hasa ulipoishia kusoma, bila kupunguza ile nusu aya. Jiandikie kumbukumbu yenye maelezo hayohayo, lakini usinakili ndani yake yaliyomo kwenye barua, maana utakuwa umeisambaza wewe mwenyewe. Mteja wako aambiwe kwamba kuna waraka uliokuja kimakosa na hatua ulizochukua, na si kile kilichoandikwa. Kile kiasi cha fedha ulichokiona hakitafutika kichwani, na inawezekana upande wa pili ukaomba ujitoe. Ndiyo maana ukweli kamili wa mapema ni kinga yako pia.

DaftariLaAmana alijibu:

Nakubaliana na MsomaJalada kuhusu barua, nami nitaligusa swali la pili.

Minnesota ilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza ya Marekani kuyafanya mafunzo haya kuwa ya lazima, mwaka 1975, na hadi leo wakili wa huko anadaiwa saa 45 katika kila miaka mitatu, 3 kati yake zikiwa za maadili. Mfumo huo ulienea kwa sababu ni rahisi kuukagua: mtu ana saa au hana. Tatizo lake ndilo ulilolieleza wewe, kwamba saa zinapima kiti kilikaliwa kwa muda gani. Mamlaka ya kusimamia mawakili wa Uingereza na Wales waitwao solicitors iliachana na sharti lake la saa 16 kwa mwaka kuanzia Novemba 2016, na badala yake inamtaka kila mmoja ajitafakari, atambue upungufu wake, aushughulikie na aweke kumbukumbu, kisha athibitishe kila mwaka kwamba amefanya hivyo. Mimi naupenda utaratibu huo, na hata pale saa zinapohesabiwa hakuna anayekuzuia kuufuata kimyakimya.

Nilianza kwa kuandika, mwisho wa kila mwezi, mahali palipotaka kuniponyoka. Baada ya miezi sita niligundua kwamba karibu yote yalihusu akaunti ya amana ya wateja, ambamo wakili anawatunzia wateja fedha zao: fedha za mteja mmoja kukaa muda mrefu bila maelezo, ada kuhamishwa kabla ankara haijatumwa. Hakuna lililokuwa wizi, ila yote yalikuwa njia ya kuelekea huko. Niliacha mihadhara ya jumla nikatafuta kozi ya kulinganisha daftari la amana na taarifa ya benki, iliyofundishwa na mhasibu na si wakili. Nadiriki kusema kwamba hayo ndiyo mafunzo bora ya maadili niliyowahi kupata, ingawa neno “maadili” halikuwamo kwenye tangazo lake.

HojaYaPili alijibu:

Naomba kupinga kidogo. Wakili anayeandika upungufu wake kila mwezi si yule anayetuletea aibu. Anayehitaji mafunzo zaidi ndiye asiyejua kwamba anayahitaji, na huyo bila sharti la saa hatakanyaga darasani.

Tazameni shauri la Mata dhidi ya Avianca, lililoamuliwa na mahakama ya shirikisho New York mwaka 2023. Wakili mzoefu alitumia programu ya akili mnemba kutafuta maamuzi ya rejea, akawasilisha hoja zenye mashauri ambayo hayakuwahi kuwepo, na baadaye akajieleza kwamba aliidhani ni mtambo wa kutafutia taarifa. Chama cha mawakili cha Marekani kilikuwa kimekwisha kuongeza, tangu mwaka 2012, maelezo kwamba umahiri wa wakili unahusisha kujua faida na hatari za teknolojia anayoitumia. Hata hivyo, jaji alikazia zaidi kwamba wahusika waliendelea kuyasimamia mashauri hayo ya kubuni hata baada ya uhalisi wake kutiliwa shaka, na akawatoza faini ya dola 5,000. Kutojua kulianzisha kosa, na kutokukiri kukalifanya kuwa la kimaadili. Kwa hiyo, KalamuNyeusi, usiyatafute mafunzo yanayokuongezea kanuni. Tafuta yale ambayo mkufunzi anakukabidhi jalada lenye kasoro iliyokwisha kutokea, kisha anakudai, kwa dakika 20 na mbele ya wenzako, barua utakayomwandikia mteja au mahakama.

KalamuNyeusi alijibu:

Nawashukuru nyote. Nimemwandikia mwenzangu jioni ileile baada ya kusoma jibu la MsomaJalada, nikamtajia mpaka neno nililoishia. Alinipigia simu sauti ikimtetemeka, akaomba niifute, nami nimeifuta kwenye kisanduku na kwenye nakala ya ofisi, na kumthibitishia kwa maandishi. Bado hajasema kama ataomba nijitoe. Mteja wangu, nilipomweleza, aliuliza swali moja tu: “Kwani ilisema nini?” Nilimjibu kwamba hilo siwezi kumwambia, na hakufurahi, tumepanga kukutana Jumatatu ili nimfafanulie kwa nini.

Kuhusu mafunzo, nimemwandikia mratibu wa kipindi kijacho nikimwomba kisa kama hiki, bila majina wala maelezo ya shauri, kifanywe zoezi badala ya mhadhara. Swali moja kwa DaftariLaAmana: ile kozi ya mhasibu ilikubaliwa kuhesabiwa kama saa za maadili, au uliilipia na kuihudhuria bila kupata hata saa moja?

DaftariLaAmana alijibu:

Mwanzoni ilikataliwa. Niliambatisha muhtasari wa masomo nikionyesha kanuni ya amana inayoguswa na kila kipengele, na saa 2 kati ya 6 zikakubaliwa.